Gesi Imeisha, Bosi

Kuna mafundi ambao ukiwaambia feni ya AC ya pikapu yako haipulizi, hawana haja hata ya kufungua mlango. "Gesi imeisha, bosi." Gesi! Kazi yake ni kupoza hewa, si kuisukuma. Kama hakuna upepo unaotoka, hata wa moto, jaza mtungi mzima uone.

Kwenye pikapu za swichi ya kuzungusha, feni ikigoma namba 1, 2 na 3, halafu namba 4 ikavuma kama kimbunga, mota ni nzima. Iliyoungua ni rezista, kidude cha kutoshea kiganjani. Ikigoma zote, anza na fyuzi, kisha chomoa soketi ya mota, chini ya dashibodi upande wa abiria, uweke taa ya kupimia. Taa ikiwaka, rudisha soketi, kisha igonge mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zimelika.

Lakini taa ya kupimia haina faida kama ya mtungi. Fundi wetu atajaza gesi, atapokea chake, kisha atakushauri utembee umeshusha vioo siku mbili tatu, "mfumo uzoee."