Mashine ya Kahawa Sebuleni: Mwongozo kwa Watu wa Mbulu na Hanang

Ndugu yangu wa Dongobesh, wa Haydom, wa Katesh na wa Endasak, tusidanganyane. Kwako asubuhi ni chai ya maziwa, na jioni ni chai ya maziwa. Lakini umeiona mashine ya kahawa nyumbani kwa mtu Arusha, imetulia kabatini na kataa kake kekundu, ukarudi Mbulu nayo moyoni. Hakuna ubaya. Mimi nina mwaka wa nne na yangu. Vuta kiti nikupe njia za mkato.

1. Chagua kwa macho

Dukani utakuta aina tatu. Kuna ya kudondosha, inayochemsha maji na kuyaachia kidogo kidogo juu ya unga wa kahawa. Kuna ya kukamua kwa presha, yenye mpini na mlio kama wa mashine ya kusaga. Na kuna kale kabirika ka alumini kanakobandikwa jikoni, ka aina aliyoileta Mwitaliano Alfonso Bialetti mwaka 1933. Haka hakataki umeme, hakana cha kuharibika, na bei yake ni ya huruma. Usikanunue. Nani atakaona?

Chukua yenye taa nyingi. Muuzaji akikuambia ina presha ya bar 15, tikisa kichwa kama mtu aliyetoka nyumbani kuzifuata hizo 15. Kahawa hukamuliwa vizuri kwa bar 9 tu. Sita zilizobaki ni za kusimulia wageni.

2. Usisome kibandiko

Chini ya kila mashine pana kibandiko chenye namba ndogondogo. Ukikisoma utajua mapema kama ni ya volti 230, kama umeme wetu, au 120, kama wa Marekani. Ukishajua, raha ya kugundua mwenyewe imekwisha.

Yangu aliniletea shemeji kutoka Marekani. Siku ya uzinduzi nikamwalika mchungaji na mama mchungaji. Nikaichomeka kwa adapta ya kuazima. Ikaguna mara moja, ikatoa moshi mwembamba kwa nyuma, ikanyamaza. Mchungaji akavuta pumzi ndefu, akasema, "Hii imekaangwa vizuri." Nikaitikia, "Amina."

Ya kutoka Ulaya itaelewana na volti zetu, ila plagi yake ni ya miguu miwili. Najua utakachofanya: utachukua kalamu, ubonyeze lile tundu la juu la soketi ili miguu ipite, kama unavyofanyia chaja ya simu. Chaja hula umeme wa kulamba. Mashine hii hula wati elfu moja na zaidi. Nunua adapta nzima. Nisamehe, hapa nimekupa ushauri wa kweli.

3. Iweke isikoguswa

Jikoni hapafai. Kuna masizi, na kuna watu wanaoweza kuitumia. Ipandishe juu ya kabati la vyombo sebuleni, kati ya televisheni na picha ya kipaimara. Ifunike kitambaa cha kufuma, kile cha maua, na pembe moja ijikunje kama kwa bahati mbaya ili jina la kampuni lisomeke. Ile nailoni inayong'aa usiibandue. Sanduku nalo lisitupwe. Liweke juu ya kabati la nguo, lionekane mlango wa chumbani ukisahaulika wazi.

4. Kahawa si lazima

Wengi hudhani mashine ya kahawa inataka kahawa. Manyara ilipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, Karatu ilibaki kule na mashamba yake makubwa ya kahawa, nasi tukabaki na vitunguu swaumu vya Bashay. Kahawa iliyokaangwa hukosi, kazi ni kuitunza, maana hunyonya harufu ya jirani yeyote. Ilaze stoo pembeni ya gunia la vitunguu swaumu kwa wiki mbili, kisha uionje. Mgeni akikunja uso, mwambie hiyo ndiyo ladha ya Mbulu, na usicheke.

La sivyo, chukua kopo la Africafé ya Bukoba. Jua tu kwamba hiyo ni ya kuyeyuka. Ukiitia kwenye chujio, inapita yote kama mtu aliyeitwa nyumbani, na mashine yako inakuwa birika la bei mbaya. Lakini anayekutazama ukiitia hayo hayajui.

5. Karatasi zikiisha

Karatasi za kuchujia zilizokuja na sanduku ni chache. Zikiisha, unaweza kuzunguka mnada wa Katesh tangu asubuhi mpaka jioni, ukarudi na mbuzi.

Usihuzunike. Karatasi hizo zilianza na mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, aitwaye Melitta Bentz. Mwaka 1908 alitoboa chombo cha shaba, akatandika ndani karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe, akachuja kahawa, na hatimaye akafungua kampuni. Kwa hiyo kunyang'anya mtoto daftari kuna heshima yake. Ila karatasi ya yule mama ilikuwa ya kunyonya wino, na ya mwanao imejaa wino na hesabu za kugawanya. Tumia kitambaa cheupe cha pamba kilichosuuzwa vizuri. Au lile chujio la chai, ambalo halijawahi kukuangusha.

6. Siku ya mgeni

Hapa ndipo mwanamume hujulikana. Chemsha kahawa jikoni kwenye sufuria, mlango ukiwa umefungwa. Imimine kwenye jagi la kioo la mashine. Lipitishe mlango wa nyuma na ulipachike mahali pake. Kisha mwite mgeni, kohoa kidogo, funua kitambaa taratibu, inua jagi. Usiseme neno. Mvuke utasema.

Mgeni akitaka kuiona ikifanya kazi, sema TANESCO wamekata. Hakikisha televisheni imezimwa kwanza. Usije ukasema uniti za LUKU zimeisha, maana mgeni mwenye huruma atatoa simu, akununulie hapo hapo, na utabaki umesimama na mashine yako.

Jihadhari na watoto. Wangu wa miaka sita aliwahi kuuliza mbele ya watu, "Baba, leo inapika kweli?" Nikamtuma dukani mbio akalete chumvi. Mgeni akashangaa, "Kumbe ya mashine hutiwa chumvi?" Nikamjibu, "Ya Marekani, ndiyo."

7. Matunzo

Mashine iliyokufa ni rahisi kutunza: haitaki kitu zaidi ya kitambaa. Wenye mashine hai, poleni, mna kazi.

Maji ya visima vingi vya ukanda wetu wa Bonde la Ufa yana madini mengi. Yakichemka huacha ukoko mweupe, ule ule uliomo ndani ya birika lako. Kwenye mashine unajificha ndani ya mabomba, na siku moja maji yanagoma kupita. Kila mwezi changanya siki sehemu moja na maji sehemu mbili, pitisha nusu, zima kwa nusu saa, kisha malizia. Halafu pitisha maji matupu mara mbili. Ukisahau hayo maji matupu, umetengeneza achari. Siki huondoa ukoko tu, haiondoi floraidi, ile iliyowapa wengi wetu meno ya rangi ya kahawa kabla hatujaionja kahawa yenyewe.

Machicha yamwage siku hiyo hiyo, yakilala huota ukungu. Umeme ukikatika, chomoa, kwa sababu unaporudi huwa na hasira. Na ukiona kazi hizi ni nyingi, kuna njia ya mkato: tafuta mashine ya volti 120.

8. Siri ya mwisho, isome ukiwa peke yako

Mji wa Mbulu uko juu, na huko juu maji hayangoji kufika nyuzi 100. Huchemka yakiwa kwenye 94 hivi. Joto linalofaa kupikia kahawa ni kati ya 90 na 96. Mtu wa Dar es Salaam akichemsha maji inabidi ayasubiri yapoe kidogo. Wewe unaepua na kumimina.

Weka kahawa iliyosagwa vijiko viwili vya mezani kwa kila kikombe. Mimina maji, koroga, funika dakika nne. Nyunyizia maji baridi kidogo machicha yazame. Mimina polepole. Hiyo ndiyo kahawa anayokunywa mchungaji kwangu, huu mwaka wa nne, na kila akimaliza kikombe hugeuka kabatini na kuipongeza mashine.

Kwa hiyo shika ratiba hii. Mashine ipanguse vumbi kila Jumamosi. Sufuria lioshe kila siku.