Baba Mmoja, Mama Mbalimbali

Kompyuta ninayohariria video za harusi ni mtumba wa Dubai, yenye soketi mbili za prosesa. Moja ilikuwa na Intel Xeon E5-2670 ya mwaka 2012, kori 8, GHz 2.6. Ya pili ilikuwa na kifuniko cha plastiki tu. Prosesa hizi zilipotoka ziliuzwa zaidi ya dola 1,500 moja. Wenye seva walipozichoka ndipo sisi wengine tukazifikia. Nikaenda Kariakoo kuitafutia yangu mwenzake.

Sharti lenyewe si refu. Prosesa mbili za bodi moja ziwe modeli moja, kasi moja, kashe moja, na ikiwezekana toleo moja la kiwandani. Ukilisoma nyumbani unaona hakuna kazi hapo.

Winga, dalali wa kuwavuta wateja, alinidaka kabla sijavuka barabara. "Bosi, nini leo? Simu? TV?" Nikamwambia Xeon. Hakusita, sijawahi kumsikia winga akisema kitu hakipo. Tukapanda ghorofani kwa muuzaji, naye akanitolea Xeon ya GHz 3.6. "Yako 2.6, hii si inaizidi?" Ilikuwa E5-1620. Ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayosema prosesa inakaa na ngapi: 1 hukaa peke yake, 2 hukubali mwenzake, 4 hukaa hata nne kwenye bodi moja. Hii ingeingia kwenye soketi bila taabu, lakini kusemezana na jirani yake haiwezi. Nilipomweleza hivyo, muuzaji alinitazama kwa huruma.

"Kaka, Xeon ni Xeon."

Ikaja nyingine, E5-2670 kabisa, mpaka nilipofika mwisho wa maandishi nikakuta v3. Hiyo hata soketi ni nyingine. "Inaingia," winga akanihakikishia, "ni kuikandamiza kidogo tu." Soketi yangu ina pini 2,011 zinazopinda kwa kuguswa na ukucha. Nilimwomba asikandamize kitu chochote mbele yangu.

Akatoweka, akarudi na prosesa iliyogandwa na gundi ya kijivu, ile inayopakwa chini ya feni. "Pacha wa yako hii. Baba mmoja, mama mmoja." Muuzaji akaitemea mate, akaisugua kwa pindo la fulana, akarudia, hadi herufi zikaanza kujitokeza kwenye bati. Nikamulika kwa tochi ya simu: E5-2670, sawa. Chini yake: SR0H8. Yangu ni SR0KX. Jina moja, kasi moja, lakini ile ni toleo la C1 na yangu ni C2, lililokuja baada ya marekebisho.

"Mama mbalimbali," nikamwambia.

Winga akaichukua akaifuta tena, nadhani akitumaini herufi zitabadilika. Wapo wanaozichanganya hizi mbili na mashine ikawaka. Mimi nilikuwa na mama wa bibi harusi aliyekuwa akinipigia simu asubuhi na jioni, na yule hakuwa mtu wa kuelezwa habari za C1 na C2.

SR0KX ilipatikana ndani ya kopo la biskuti, chini ya skrubu na chaja mbovu. Winga aliniona nikitabasamu, bei ikapanda palepale.

Fundi aliifunga vizuri, akagawa na RAM pande zote mbili, maana kila prosesa ina nafasi zake. Kompyuta ikahesabu kori 16, nyuzi 32. Harusi ile, pamoja na mjomba aliyecheza mbele ya kamera kuanzia ukumbini hadi maegesho, ikaiva usiku mmoja.

Tatizo ni kwamba kila prosesa ina kiwango cha wati 115, na wapangaji tunachangia umeme wa LUKU moja. Mama mwenye nyumba alibisha hodi usiku huohuo, akaweka kiganja nyuma ya mashine, panapotoka upepo wa moto.

"Mwanangu, humu anapika nani?"

Nikamwambia hakuna anayepika, ni prosesa tu, ziko mbili, na safari hii zinafanana kila kitu.

"Mbili?" akasema. "Basi mwezi huu utachangia ya watu wawili."