Katuni Ukutani

Mzazi wa Dar es Salaam akienda kukagua kituo cha kulelea watoto mchana, ukaguzi huishia getini. Katuni ukutani zipo. Bembea ipo. "Dada, Kiingereza mnafundisha?" "Tangu siku ya kwanza, mama." Basi, analipa. Mtoto mwenyewe ana miezi tisa.

Kibali kinachotakiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hakiulizwi. Eti ni kumvunjia mwenye kituo heshima. Mlezi mmoja ana watoto wangapi? Jiko la mkaa linakaa wapi? Kuuliza anaona haya. Na ndiye huyohuyo ambaye sokoni Kariakoo hubonyeza parachichi mojamoja, akanusa, akarudisha, akagombana na muuzaji.

Kituo kinachoshinda, mara nyingi, ni kile kilicho karibu na stendi ya daladala.