Basi Lililolala Usingizi wa Pono

Hongera kwa kupata basi la mwaka 2005 lenye kilomita 90,000 tu. Dalali ameapa kuwa lilikuwa la mstaafu mmoja mtaratibu, akilitoa Jumapili kwenda kanisani. Na viti vyote vile? Ana familia kubwa, bosi wangu.

Tupige hesabu. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Basi likienda leo na kurudi kesho, siku 300 kwa mwaka, linakula kilomita 240,000. Hili lako basi lilifanya kazi miezi minne na ushei, kisha likalala usingizi wa pono hadi ulipokuja wewe na pesa zako.

Ajabu, usingizi wenyewe umelichosha. Mpira wa pedeli ya klachi umelika hadi chuma kinacheka. Usukani umelainika kwa viganja. Ngazi ya mlangoni imebonyea palepale abiria wanapokanyaga. Mita peke yake ndiyo haikuzeeka, na ikiwa ya kidijitali, fundi mwenye kompyuta ndogo huipunguzia umri wakati wewe unamalizia soda uliyonunuliwa na dalali. (Soda hiyo imo kwenye bei.)

Kama limetoka Japani likiwa mtumba, dai cheti chake cha kusafirishwa nje. Kilomita huandikwa humo. Linganisha na mita. Ukiambiwa kimepotea, toa bei ya basi lenye kilomita milioni moja.