Mwongozo wa Kuifikisha Nembo kwa Fundi Ikiwa Hoi

Kazi huanza na jina. Unayo nembo ya SACCOS yenu: ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp, mweka hazina akaipiga picha ya skrini, akaikata pembeni, akaituma tena, na sasa imekufikia ikiwa na upana wa pikseli 200 na ukungu mzito kuzunguka herufi. Fundi wa stika wa Kariakoo amesema anataka vekta. Usimuulize vekta ni nini, utaonekana mshamba. Bofya jina la faili, futa "jpg" ya mwisho, andika "svg". Kompyuta itakuuliza kama una uhakika. Unao. Kazi ambayo wachora grafiki hulipwa kuifanya nusu siku, wewe umeimaliza kabla chai haijapoa.

Programu ya fundi ikikataa kulifungua, ilaumu programu. Watatokea wakorofi wa kukushauri ulifungue faili hilo kwa Notepad uone lina nini ndani. Wapuuze, maana wanataka kukunyima ugomvi wa wiki nzima kwa ukaguzi wa nusu dakika. SVG ni maandishi matupu ya XML, kiwango kilichopitishwa na W3C mwaka 2001, na yeyote anayejua kusoma anaweza kulikagua: mistari ya juu itataja xml au svg. Likianza na %PDF, hilo ni PDF hata kama linajiita AI, kwa sababu mafaili ya Illustrator hubeba PDF tumboni tangu toleo la 9 la mwaka 2000. Likianza na %!PS, ni EPS. Herufi PK mwanzoni ni dalili ya zipu, na CDR za Corel za miaka ya karibuni ndivyo zilivyo. Ukikuta ÿØÿ, hiyo ni JPEG iliyovaa nguo ya kuazima, na wote tunajua nguo ya kuazima haisitiri nini.

Kwa kuwa hukukagua, hamia kwenye zile tovuti za kubadili mafaili bure. Pakia, subiri mstari wa kijani ujae, pakua. Safari hii faili linafunguka vizuri kabisa! Lipeleke dukani kifua mbele, halafu ufurahie mazungumzo haya:

"Bosi, hili halikatiki."

"Halikatiki vipi, na hii ni SVG?"

"SVG ni jina lake. Kisu kinatafuta mstari wa kufuata. Mstari hamna."

Na kweli hamna. Ukilifungua kwa Notepad utakuta neno "image" moja, likifuatiwa na kurasa kwa kurasa za herufi zisizosomeka. Hizo ni JPEG yako ileile, imeandikwa kwa herufi na kufungiwa ndani ya SVG. Faili la vekta lenyewe lina maneno kama "path", kila moja na namba zake: anzia hapa, pinda pale, ishia kule. Mipindo hiyo, au mikunjo, inaitwa Bézier, kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitangaza miaka ya 1960 alipokuwa akitafuta namna ya kuieleza mashine umbo la bodi ya gari. Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa amefika huko kabla yake, mwaka 1959, ila kampuni yake iliifanya siri. Kwa hiyo kila stika inayobandikwa kwenye kioo cha daladala inakatwa kwa hesabu zilizobuniwa kwa ajili ya bodi za magari ya Kifaransa. Usimwambie fundi habari hii wakati ana foleni.

Sasa amua "kuichora kwa mashine". Inkscape ina kitu hicho, na injini yake kwa kazi za rangi moja ni Potrace ya Peter Selinger, iliyotoka mwaka 2001. Ni kazi safi sana ukiipa picha kubwa, kavu, nyeusi na nyeupe. Wewe ipe pikseli zako 200. Omba rangi nyingi iwezekanavyo. Ule ukungu wa JPEG unaozunguka herufi, ambao jicho lako lilishauzoea, mashine itauchora kwa uaminifu mkubwa: visiwa vidogo vidogo mamia, kila kimoja na mpaka wake, na herufi O yenye nukta zinazotosha ramani ya pwani ya Kilwa. Ukiacha na tiki ya kupanga rangi kwa matabaka, kila rangi itaendelea chini ya mwenzake. Kwenye karatasi haina shida, lakini kisu hakijui cha chini wala cha juu, kinakata vyote. Kisha msaidizi wa fundi atainama juu ya meza, ncha ya wembe mkononi, akichomoa takataka za vinili moja baada ya nyingine, na jina lako atakuwa analitaja kwa sauti ya chini.

Nembo yenyewe, ukiiangalia, ni duara mbili, suke la mahindi na maneno manne. Mtu mwenye akili zake angeiweka picha chini, akachora duara juu yake kwa kifaa cha duara, akatafuta fonti inayofanana, akamaliza kabla ya adhuhuri. Lakini huyo hafuati mwongozo huu.

Tuje kwenye maandishi. Hapa ndipo pana utamu wote. Kanuni ni moja: usiyageuze kuwa mikunjo. Amri za kuyageuza zipo, na ni fupi mno. Kwenye Corel ni Ctrl+Q. Kwenye Illustrator ni Ctrl+Shift+O, na kwenye Inkscape ni Ctrl+Shift+C. Ziepuke zote. Faili lenye maandishi hai halibebi maumbo ya herufi, linabeba jina la fonti tu, na fonti ile ya madoido uliyoipakua usiku fundi hana. Kompyuta yake itaweka nyingine bila kumuuliza mtu. Herufi zitanenepa, mstari utarefuka, na neno "Ushirika" litatoka nje ya duara, "ka" ikining'inia hewani. Kama ni lazima ugeuze, basi geuza nakala pekee uliyonayo, uhifadhi na kufunga. Katibu atakuja kugundua baadaye kwamba mliandika "Ushirka", na maandishi yakishakuwa mikunjo hayahaririki tena.

Mistari minene nayo iache ilivyo. Kwenye skrini mpaka wa duara unaonekana una unene wa milimita tano. Ndani ya faili ni mstari mmoja mwembamba wenye maelekezo ya unene, na kisu kinafuata ule mwembamba tu. Utaletewa duara la kipande kimoja na mpaka hauonekani. Kuna amri ya kuugeuza mstari kuwa umbo. Sitakutajia iko wapi.

Vipimo: usiandike popote. Illustrator huhesabu alama 72 kwa inchi moja. SVG kwenye kivinjari na kwenye Inkscape ya leo huhesabu pikseli 96, na Inkscape za kabla ya toleo 0.92, lililotoka mwaka 2017, zilihesabu 90. Kwa hiyo bango la mita 4 lililotoka Illustrator linaweza kufungukia kwa fundi likiwa na mita 3 kamili, na hakuna kitakachopiga kelele kwa sababu kwenye skrini yote mawili yanajaa dirisha sawasawa. DXF, faili la kupelekea mashine ya leza, ni tamu zaidi. Aghalabu husafiri na namba bila kusema ni milimita au inchi. Kibao cha sentimita 60 kilichoandikwa kama milimita 600, kikisomwa kwa inchi, kinakuwa na mita 15 na ushee, na mashine ya leza itagoma kwa heshima. Wapo wanaochora mraba wa sentimita 10 pembeni ya nembo ili fundi apime kwanza kabla hajakata chochote. Watu wa aina hiyo hawana la kusimulia jioni.

Kivuli na uwazi, peleka kwa EPS. Sisitiza EPS, useme ndivyo wataalamu wanavyofanya. EPS ni mtoto wa PostScript ya miaka ya 1980 na haijui uwazi ni nini. Kivuli laini cha nembo yako kitageuzwa picha ya pikseli, na pengine kitabaki na kisanduku cheupe nyuma yake. PDF imejua uwazi tangu toleo la 1.4, mwaka 2001. Microsoft Office iliacha kupokea EPS mwaka 2017 kwa sababu za usalama. Hayo yote si hoja. Na kama fundi anatumia Corel ya zamani, mpelekee CDR ya toleo jipya kabisa, usiishushe toleo wakati wa kuhifadhi, kisha umshangae.

Rangi sina la kuongeza: chagua kijani kinachong'aa kwenye skrini, ukatae kuona sampuli ya karatasi.

Onyo moja la mwisho, na hili ni zito. Usithubutu kupekua barua pepe za zamani za ofisi. Mara nyingi kuna barua rasmi au ripoti ya mwaka ya PDF ambayo mchoraji wa kwanza aliiweka nembo ikiwa vekta halisi, na mtu akiikuza mara sitini kingo zinabaki kali vilevile. Akiifungua kwa Inkscape ataichomoa nzima, mikunjo yake yote, bila kumlipa mtu shilingi. Ukiikuta, usimwonyeshe mhasibu. Fundi wa stika ana watoto wanasoma.