Barua ya Wazi kwa Bodi ya Amani

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Amani,

YAH: MAOMBI YA CHETI CHA UKOMAVU WA WAPALESTINA

Bodi inapewa heko. Kwa azimio namba 2803, lililopitishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 17 Novemba 2025 kwa kura 13 huku Urusi na China zikijizuia kupiga kura, Bodi ya Amani, yaani chombo cha mpito kinachoongozwa na Rais wa Marekani, ilikabidhiwa usimamizi wa ujenzi mpya wa Gaza, na chini yake ikawekwa kamati ya wataalamu wa Kipalestina wasiojihusisha na siasa. Sifa hiyo ya kutojihusisha inastahili pongezi za pekee, kwa kuwa si jambo jepesi kuwapata watu waliozaliwa chini ya ukaliaji wa kijeshi, wakazika ndugu na majirani, kisha wakawa hawana neno lolote la kusema kuhusu nani awatawale. Waswahili walizoea kusema kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Bodi imethibitisha kwamba utaratibu huo umepitwa na wakati, na kwamba matanga huendeshwa vizuri zaidi na wageni, mfiwa akiwa nje anangoja kuitwa akachote maji.

Umahiri wa azimio lenyewe nao usipuuzwe. Wapalestina hawakuahidiwa dola, bali njia ya kuelekea kwenye dola. Wala hawakuahidiwa njia hiyo, bali mazingira yatakayoiruhusu. Na hata mazingira hayo huenda yakapatikana, endapo Mamlaka ya Ndani ya Palestina itakamilisha mageuzi yake na ujenzi wa Gaza utakuwa umesonga mbele. Kwa kuwa kipimo cha mageuzi na kipimo cha kusonga mbele vyote viko mikononi mwa wengine, mtahiniwa ametakiwa afanye mtihani ambao maswali yake hayajachapishwa na msahihishaji wake hajatajwa.

Lingekuwa jambo la kueleweka kama mtahiniwa huyu angekuwa mgeni darasani. Kifungu cha 22 cha mkataba wa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa, kiliyagawa maeneo yaliyotoka kwa Waturuki na Wajerumani katika madaraja ya udhamini, yaani utawala wa dola kubwa kwa niaba ya wenyeji mpaka wenyeji wakomae. Palestina iliwekwa daraja A, pamoja na Iraki, Syria na Lebanoni, miongoni mwa nchi zilizohesabiwa kuwa karibu na uhuru. Tanganyika iliwekwa daraja B, la wale walioonekana kuhitaji kushikwa mkono kwa muda mrefu. Zote mbili zilipewa Uingereza. Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika ulikadiria kwamba nchi hiyo ingeweza kujitawala baada ya miaka 20 hadi 25, na Waingereza wakalalamika kwamba hiyo ni haraka mno. Mwaka uliofuata Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kudai kile kilichodhaniwa kuwa hakijaiva, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Wa daraja B ameshahitimu, akazeeka, akasahau hata jina la mwalimu, ilhali wa daraja A bado anaulizwa kama anajua kusoma. Baraza la Udhamini lenyewe lilisimamisha shughuli zake Novemba 1994, kwa kuwa hapakuwa tena na nchi ya kudhaminiwa, mwaka uleule ambao Mamlaka ya Ndani ya Palestina ilianza kazi kwa kipindi cha mpito cha miaka mitano. Bodi ikipita karibu na ukumbi wa Baraza hilo, ingefaa iombe funguo.

Isitoshe, mtihani ulikwisha kufanywa. Mwaka 2011, Salam Fayyad akiwa waziri mkuu wa Mamlaka huko Ramallah, Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa na Umoja wa Mataifa walipeleka taarifa zao kwa wafadhili, na kila mmoja kwa lugha yake alikiri kwamba taasisi za Mamlaka katika hazina, elimu, afya na usalama zilifikia kiwango kinachotosha kuendesha dola. Mtahiniwa alifaulu. Kilichofuata ni kwamba baadaye mwaka huohuo, Palestina ilipokubaliwa kuwa mwanachama wa UNESCO, Israel ilizuia kwa muda fedha za ushuru ambazo, kwa mujibu wa Itifaki ya Paris ya mwaka 1994, huzikusanya mipakani kwa niaba ya Wapalestina na hutakiwa kuzikabidhi kila mwezi baada ya kukata asilimia 3 kama gharama za kazi. Fedha hizo ni zaidi ya nusu ya mapato ya Mamlaka, na zilikuwa zimezuiwa mwaka 2006, zikazuiwa tena mwaka 2015 na mara nyingine baada ya hapo; kwa hiyo Bodi inapoandaa somo la utawala bora wa fedha, itenge saa moja ya kumfundisha mhasibu namna ya kulipa mishahara kwa hazina iliyofungiwa sandukuni kwa mtu mwingine.

Kuhusu ujenzi wenyewe, Bodi haina haja ya kubuni chochote, maana majaribio yapo. Baada ya vita vya Gaza vya mwaka 2014, wafadhili waliokutana Kairo waliahidi dola bilioni 5.4, na karibu miaka miwili baadaye Benki ya Dunia ilikuta kwamba fungu la Gaza lililokwisha kutolewa halijafika nusu. Ahadi ni deni, lakini deni hili halikuwa na mdai. Saruji nayo iliwekewa utaratibu maalumu uliokubaliwa kati ya Umoja wa Mataifa, Israel na Mamlaka, kwa kuwa saruji na nondo huhesabiwa kuwa bidhaa zenye matumizi mawili, ya kiraia na ya kivita. Mwenye nyumba iliyobomoka alisubiri mhandisi aje apime nyufa na kukadiria mifuko. Jina lake likaingizwa katika kompyuta, ambamo Israel nayo ilikuwa na uwezo wa kulikataa. Likikubaliwa, alikwenda kwa mfanyabiashara aliyeidhinishwa, ambaye ghala lake lililazimika kuwa na kamera za ulinzi, na wakaguzi wakahesabu mifuko iliyotoka. Nje ya ghala alisimama mlanguzi mwenye bei mara kadhaa ya ile halali, na baba asiye na fedha ya fundi aliuza mifuko yake palepale ili watoto wale.

Hofu ya Israel haikuwa ya kubuni. Hamas, kundi lenye silaha lililoitawala Gaza, ilijenga mahandaki kwa saruji, na haijawahi kuwauliza wakazi wa Gaza kama wangependelea vyumba vya kulala. Lakini utaratibu ule uliochelewesha nyumba haukuyazuia mahandaki, jambo linaloonyesha kwamba mwenye silaha hupata saruji katika mazingira yoyote, na anayesubiri orodhani ni mwenye watoto.

Wakuu wa Kipalestina nao wasijifiche nyuma ya barua hii. Mahmoud Abbas alichaguliwa kuwa Rais wa Mamlaka Januari 2005 kwa muhula wa miaka minne, na muhula huo umeonyesha uvumilivu wa kupigiwa mfano. Uchaguzi wa mwisho wa bunge ulikuwa Januari 2006, Hamas ikapata viti 74 kati ya 132, wafadhili wakawaadhibu wapiga kura, Hamas ikaitwaa Gaza kwa bunduki mwaka 2007, na uchaguzi uliopangwa Mei 2021 ukaahirishwa na Abbas mwenyewe. Mpalestina wa Gaza mwenye umri wa miaka 30 hajawahi kupiga kura ya kitaifa.

Upande wa pili wa uzio, kibutsi cha Nir Oz, kijiji cha ushirika ambacho takriban robo ya wakazi wake waliuawa au kutekwa katika shambulio lililoongozwa na Hamas tarehe 7 Oktoba 2023, kinajengwa upya na serikali ya nchi yake, na hakuna aliyewataka wakazi wake wathibitishe kwanza ukomavu wa kisiasa. Ndivyo inavyopaswa kuwa: waliofiwa wanarudishiwa makazi, nao wanabaki na haki ya kuilaumu na hata kuiondoa serikali yao.

Kutokana na vita vilivyofuata shambulio hilo, Gaza ina vifusi vya zaidi ya tani milioni 50, na gharama ya ujenzi, iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 53 Februari 2025, ilifika karibu bilioni 70 ilipofika Oktoba. Kabla ya mkandarasi wa kwanza kutia saini, Bodi inaombwa ichapishe masharti ya mageuzi pamoja na jina la atakayeyasahihisha, itaje tarehe ya uchaguzi wa Wapalestina wa Gaza, Ukingo wa Magharibi na Jerusalem Mashariki, na iseme ni siku gani ushuru wa Wapalestina na vivuko vya Gaza vitakabidhiwa kwa watakaochaguliwa. Idhini ya Bodi yenyewe inakwisha tarehe 31 Desemba 2027, isipoongezwa.