Sifa za Kipofu wa Chumba cha Baridi

Waliosifiwa wamesifiwa vya kutosha. Simu za kukunjwa zimeimbwa, magari ya umeme yameimbwa, na akili unde siku hizi inajiimba yenyewe. Mimi leo namsifu kipofu wa chumba cha baridi: seva asiye na skrini, kibodi wala kipanya, anayeamshwa saa nane za usiku achore grafu, naye anajibu kwa mstari mmoja tu kwamba skrini haifunguki. Mafundi humwita asiye na kichwa. Kwa hiyo asije mtu akasema namvika kilemba cha ukoka. Kilemba chenyewe nitakiweka wapi?

Kwanza, hajui kujipendekeza. Mchana ukiingia mwenyewe kwenye seva ukaiendesha programu yako kwa mkono, grafu inatoka safi na rangi zake zote. Unaridhika, unaiandika kwenye ratiba ya cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa iliyopangwa, unakwenda kulala. Usiku haitoki. Kisa? Mchana ulikuja na mazingira yako, na ndani yake kigezo kiitwacho DISPLAY, kinachoiambia programu skrini ya kuchorea iko wapi. Nayo ilikuwa hiyo hiyo ya kompyuta iliyo mezani kwako. Cron hana habari na mizigo ya watu. Anaianzisha kazi kwa vitu vinne: makazi ya mwenye kazi, jina lake, programu ya kusomea amri, na orodha fupi ya mahali pa kutafutia programu nyingine. Hapo hakuna skrini, na seva hakubali kujifanya anayo.

Ubishi huu una nasaba. Mfumo wa X, unaoonyesha madirisha kwenye mashine za Unix, ulizaliwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT, ndani ya Mradi wa Athena, na toleo lake la 11, ambalo ndilo lililodumu, likatoka mwaka 1987. Waasisi wake waliamua kwamba mwenye skrini ndiye mwenyeji, na programu inayotaka kuchora ni mgeni, hata kama inaendeshwa kwenye mashine kubwa ya mamilioni na skrini ni ya karani wa mapokezi. Mgeni anapiga hodi. Asipoitikiwa, anageuza. Sasa mtu anapomlaumu seva kwa kurudi bila grafu usiku wa manane, namuuliza: wewe ulitaka avunje mlango?

Tena aliwafundisha adabu hiyo vigogo. Kwa miaka mingi lugha ya R, kipenzi cha wanatakwimu, ikiambiwa kwenye Linux itengeneze faili la PNG, ilikwenda kwanza kupiga hodi kwa X11. Faili! Kitu cha kukaa kwenye diski, kisichohitaji jicho la mtu ili kiwepo. Java nayo ilikuwa hivyo hivyo mpaka toleo la 1.4, mwaka 2002, lilipoleta njia rasmi ya kukiri kwamba mashine haina skrini. Waandishi wa Python wakaja na matplotlib, iliyoanzishwa na John Hunter na kutolewa mwaka 2003, nao wakajifunza kuandika mstari mmoja wa kuchagua mchoraji aitwaye Agg, anayechora moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Mstari huo ulitakiwa kutangulia mwito wa sehemu ya kuchorea. Ole wake aliyeuweka chini yake.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote ni kuwafanya watu waadilifu kuwa waongo. Walipochoka kubishana naye walimtengenezea Xvfb, skrini isiyokuwapo. Ni programu inayokaa kwenye kumbukumbu ya mashine na kuitikia “karibu!” kila inapopigwa hodi. Kwa mazoea hupewa namba 99, kana kwamba skrini zote zilizotangulia zimeshajaa watazamaji. Programu inaingia, inafungua dirisha, inapanga vitufe, inachora mhimili, inapaka rangi piseli kwa piseli, na hakuna binadamu anayeona chochote. Picha ikishahifadhiwa, skrini yote inafutwa. Huo ni uongo uliokamilika hadi kwenye kishale cha kipanya, na umeendesha idara nzima za takwimu bila kumdhuru mtu. Nausifu kwa dhati.

Hata akikubali kuchora, hachoshi. Seva aliyesimikwa kwa ubahili hana fonti, basi majina ya mikoa yanatoka vijisanduku vitupu, na bosi aliyezoea kuulaumu mkoa fulani hajui tena amlaumu nani. Kuna pia alama ya asilimia, ambayo cron huigeuza kuwa mwisho wa mstari, hivyo anayetaka jina la faili libebe tarehe anakuta amri imekatwa katikati. Haya ni ya kuchangamsha tu.

Hekima yake hasa iko kwenye malalamiko. Kazi ikishindwa na kutoa ujumbe wa kosa, cron huandika barua kwa mwenye kazi, na kwa desturi barua hiyo hubaki kwenye sanduku lililo ndani ya mashine hiyo hiyo, ambalo watu wengi hawajui kama lipo. Kila usiku barua moja, bila matusi, bila kupandisha sauti. Wakati huo ofisini kuna grafu ambayo wakubwa walisisitiza kikaoni kwamba lazima iwafikie kila alfajiri kwa sababu maamuzi hayawezi kufanyika bila hiyo. Alfajiri ya kwanza haifiki. Kimya. Wiki inapita, kimya, na maamuzi yanafanyika kama kawaida. Utafiti gani wa wasomaji, hata wenye dodoso la kurasa kumi, ungekuletea ukweli huu? Seva ameuleta bila kudai posho ya kikao.

Ana maadui, bila shaka. R ilipata mchoraji aitwaye Cairo, ikaacha kupiga hodi kwa ajili ya faili. Mwaka 2018 matplotlib 3.0 ilianza kutambua yenyewe kwamba skrini haipo na kumwita Agg bila kuombwa. Wengi wakadhani kipofu wetu amestaafishwa. Walisahau kuwa mwaka mmoja kabla, Chrome 59 ilikuwa imekuja na namna ya kuendeshwa bila dirisha, na vijana wakaona njia bora ya kuchora nguzo tano za mauzo ni kuwasha kivinjari kizima, kukiweka ndani ya kontena la Docker, na kumwachia cron. Kinaanguka kwa kukosa maktaba iitwayo libnss3. Ukiisimika, kinaanguka kwa sababu kumbukumbu ya pamoja kwenye kontena ni megabaiti 64 tu usipoomba zaidi. Ukiiongeza, vijisanduku vinarudi, maana kontena halina fonti. Barua zinaandikwa kila usiku. Na mkuu wa idara, ambaye hajawahi kuifungua hiyo grafu, ameagiza nguzo ziwekewe kivuli.